Nilivaa glovu nikiwa na miaka 28

Kila ikifika mbalamwezi mimi napata likizo. Watu wa dagaa mnaelewa, wengine niwaeleze kidogo: dagaa wa ziwa letu la Victoria anavuliwa kwa taa, wavuvi wanatoka jioni na taa zao, zamani karabai siku hizi sola, wanaziacha zinaelea juu ya maji, dagaa wanafuata mwanga halafu wanazungushiwa nyavu. Sasa mwezi ukishakuwa mkubwa mwanga unakuwa kila mahali na dagaa hawakusanyiki tena, kwa hiyo mitumbwi inapumzika wiki nzima na zaidi, na huku Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, sisi tunaonunua mzigo wa Ukerewe na Ukara na kuwauzia wateja wanaopeleka mpaka Kongo tunabaki tunapiga stori juu ya magunia. Wenzangu siku hizo wanalala au wanaenda kwao kijijini. Mimi toka nifikishe miaka 28 ndo kambi yangu ya ngumi.

Sasa hivi nina 32. Naandika haya kwa sababu haipiti wiki bila mtu kunisimamisha njiani au kunitumia meseji, kaka mi nina 26, mwingine 29, mwingine juzi ana 33 na watoto wawili, anauliza naweza kuanza ngumi saa hizi nikawa bondia wa kulipwa? Kuanza unaweza, hata kesho asubuhi. Hilo lingine la kulipwa ndo linataka tukae chini tuongee, na sitaki kumdanganya mtu, maana mimi mwenyewe nilidanganywa kwa maneno matamu sana na walionidanganya hawakuwa watu wabaya, walikuwa wananipa moyo tu.

Mimi nilianza kwa sababu nilikuwa silali. Kaka yangu alikufa maji, mtumbwi ulipigwa na dhoruba usiku upande wa Ukerewe, na baada ya msiba nikawa naamka saa nane za usiku kila siku nakaa kitandani mpaka kunakucha. Jirani mmoja akaniambia njoo huku jioni uchoke. Nikaenda nikachoka, usiku ule nililala mpaka saa kumi na mbili, kesho yake nikarudi tena. Sikuwa nawaza mkanda wala nini. Hayo ya mkanda yalikuja baadaye, nilipoanza kuona mwili unabadilika na watu wanasema we jamaa una mkono mzito.

Jimu yetu iko Mabatini, na nikisema jimu msifikirie vioo na eya kondisheni. Ni uwani kwa mtu, upande mmoja umeezekwa bati, kuna mabegi matatu ya turubai yamejazwa matambara na maranda, kuna tairi la lori, na ulingo ni kamba za katani zimefungwa kwenye nguzo nne, chini saruji na kapeti kuukuu. Siku ya kwanza mwalimu hakunifundisha ngumi hata moja. Alinikalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akashika mkono wangu wa kulia akaugeuza huku na huku kama anavyokagua mtu samaki, halafu akatoa bandeji ndefu, kitanzi akakipitisha kwenye dole gumba, akazungusha kifundo cha mkono mara tatu, akapanda mpaka kwenye mafundo ya vidole, akapita katikati ya kila kidole, akarudi chini, na kila baada ya mzunguko ananiambia kunja, kunjua, kunja, kunjua. Ilichukua muda mrefu na mimi nilikuwa na haraka ya kupiga begi. Akaniambia, "Mkono una mifupa 27, mdogo wangu, ukivunja mmoja tu umepoteza miezi, na wewe miezi ya kupoteza huna." Nilidhani anasema tu.

Mwezi wa sita akaniweka kwenye sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi, na dogo wa miaka 17, kilo 60 hazifiki, mimi nilikuwa na 78 za kubeba magunia. Nikawaza nisimuumize mtoto wa watu. Raundi ya kwanza nzima sikumgusa, sio kidogo, sikumgusa kabisa, yeye ananigusa anavyotaka, paji la uso, pua, paji la uso, anatoka. Nguvu ninazo, pumzi ninayo kwa kiasi, shida yangu ilikuwa kwamba kila ngumi ikija nafumba macho, na huwezi kukwepa kitu usichokiona. Mwingine anafikiri hiyo ni woga tu itaisha wiki mbili. Yule dogo toka ana miaka tisa anatupiwa ngumi za uso akiwa amefumbua macho, miaka minane hiyo, jicho lake limeshazoea kiasi kwamba bega langu likicheza kidogo tu yeye ameshajua ni kushoto au kulia. Na bega langu lenyewe lilikuwa linamsaidia, mwalimu alikuja kunionyesha baadaye, miaka ya kubeba gunia imelifanya likae juu, kwa hiyo kabla sijapiga jebu, ile ngumi ya kunyoosha ya mkono wa mbele, linapanda kwanza, ni kama nampigia honi.

Raundi ya pili akanipiga ini. Sijui niielezeje hii kwa mtu ambaye haijamkuta. Upande wa kulia, chini ya mbavu za mwisho, ngumi yenyewe wala haikuwa nzito, nikawaza mbona hii ya kawaida, nikapiga hatua moja mbele, na hapo ndo miguu ikakata. Pumzi haiingii haitoki, akili iko macho kabisa, nasikia hadi bodaboda inapita barabarani na mama mmoja anaita mtoto wake aje kuoga, lakini mwili haupokei amri yangu hata moja. Nikapiga goti, paji la uso likaegemea kamba, nikakaa hivo mpaka hewa ikarudi. Dogo alikuwa amesimama pembeni ananiambia pole kaka, pumua kwa pua, na alikuwa na huruma ya kweli.

Tulipomaliza mwalimu akaniuliza, "Unataka nini kwenye hii ngumi?" Nikasema mkanda. Hakucheka. Akaokota chaki akaandika ukutani, kwenye ule ukuta tunaoandika zamu za kufagia, akaandika 28. Akasema miaka miwili ya kujifunza kusimama, kutembea na kufumbua macho, akaandika 30. Mwaka mmoja au mmoja na nusu wa mapambano ya ridhaa, tuseme manne matano tukiyapata, akaandika 31 na nusu. Ukienda kulipwa unaanza na raundi nne, halafu sita, halafu nane, mpaka ufike kumi ambako mikanda midogo midogo inaanzia unahitaji mapambano kumi na kitu ya kueleweka, na bondia wa huku Kanda ya Ziwa asiye na meneja anapata mangapi kwa mwaka? Mawili, akibahatika matatu. Akaandika 36, akaiangalia, akafuta akaandika 37. "Na hapo hujaumia, hujakosa nauli, mkeo hajaugua, na dagaa hawajakuita." Akaweka chaki chini akaniambia kafikirie, hajasema niache, amesema nijue.

Ile hesabu iliniuma kuliko lile ini, nilirudi nyumbani kwa miguu sikupanda daladala. Nikiwa na miaka 37 nagombania mkanda ambao mtu wa Dar hajausikia, na mpinzani ana 24.

Basi nikafanya kile ambacho kila aliyechelewa anafanya, nikaingia mtandaoni kutafuta waliochelewa kama mimi. Na majina yapo, ni ya kweli, ndo maana yanadanganya vizuri. Sergio Martínez wa Argentina alianza ngumi na miaka 20, akaja kuwa bingwa wa dunia uzito wa kati mwaka 2010 alipompiga Kelly Pavlik, ana 35. Deontay Wilder wa Marekani alianza na 20 vilevile, mwaka 2005, kisa binti yake alizaliwa na mgongo wazi na alitaka hela ya kumtunza (sisi wa Mwanza mgongo wazi tunaujua, wazazi wanaleta watoto Bugando kutoka kanda nzima, kwa hiyo stori ile ilinishika koo), miaka mitatu baadaye ana shaba ya Olimpiki ya Beijing, 2015 ana mkanda wa dunia wa WBC. Anthony Joshua alianza na 18 akachukua dhahabu ya London 2012. Bernard Hopkins alichukua ubingwa wa dunia 2011 akiwa na miaka 46. Niliwakariri hawa kama mtoto anavyokariri tebo.

Lakini ukisoma mpaka mwisho wa habari zao unakuta kitu. Martínez kabla ya ngumi alikuwa mcheza mpira na mwendesha baiskeli wa mashindano, miguu na mapafu vilishajengwa toka utotoni. Wilder ana urefu wa mita mbili na kitu na alitoka kwenye michezo mingine. Hopkins hakuanza akiwa mzee, alidumu mpaka uzee, alipoingia kulipwa 1988 alikuwa na 23 na pambano la kwanza akapoteza. Halafu angalia namba vizuri, waliochelewa walianza na 18, na 20. Mimi nilikuwa na 28 na nimetoka kubeba magunia, na aliyeniandikia juzi ana 33. Nikasema hapa nikiendelea kujipima na hawa watu nitajiua bure.

Kitu kilichonisaidia ni kurudi kuangalia hapa nyumbani, na hapo nikaona ridhaa. Watu wanaidharau ridhaa kwa sababu haina hela, kila mtu anataka avae kaptula inayong'aa apigane kwenye vitasa vya usiku kwenye tivii. Ila hebu tukumbushane, Titus Simba alichukua fedha ya Jumuiya ya Madola 1970 kule Edinburgh, ridhaa. Michael Yombayomba akachukua dhahabu Kuala Lumpur 1998, ridhaa. Na 2022 Birmingham wakarudi na shaba mbili, Yusuf Changalawe na Kassim Mbundwike, na Mbundwike alipigana kilo 71 ambao ndo uzito wangu mimi, siku ile nilipiga kelele mpaka mama watoto akatoka jikoni na mwiko mkononi. Sisemi nitaenda Jumuiya ya Madola. Nasema ni mchezo kamili, raundi tatu za dakika tatu, mapumziko dakika moja moja, na kwa kanuni za kimataifa unaruhusiwa mpaka miaka 40. Dakika tisa. Mtu mwenye kazi, mke na watoto anaweza kujiandaa kwa dakika tisa akafanya vizuri, raundi kumi hawezi, labda ajidanganye.

Kwa hiyo nikamrudia mwalimu nikamwambia nataka mapambano matano ya ridhaa kabla sijafika 35, nataka nisifumbe macho. Akasema hayo sasa ni maneno. Mpaka leo nimepigana matatu. La kwanza nilipoteza kwa pointi, nilianza kwa kasi mno, raundi ya tatu mikono ikawa mizito kama nimeshika ndoo. La pili nikashinda. La tatu nikapoteza kwa uamuzi ambao hata leo nikiangalia video naona majaji walikuwa sahihi, yule kijana alinizidi.

Sasa kuna jambo nataka niliseme kwa kirefu, maana hapa ndo waliochelewa wanaumia kweli, na mabishano ya vijiweni huwa hayafiki huku. Baada ya lile pambano la pili simu ikaita, promota mmoja, sitamtaja, anasema kaka nimeona video yako, nina nafasi ya kulipwa, raundi nne, mkoa mwingine, laki tatu na nusu, nauli juu yetu, siku tisa zimebaki. Laki tatu na nusu wakati ule mbalamwezi imekata biashara, sina hata hela ya mchele. Nikasema ndio hapohapo. Akaongeza, uzito ni 66. Mimi nilikuwa 71 na nusu. Kilo tano na nusu kwa siku tisa.

Mwalimu akachukua simu akaingia BoxRec, tovuti ya rekodi za mabondia, akatafuta jina la huyo mpinzani, akanigeuzia kioo. Mapambano sita, ameshinda sita, matano kwa KO, miaka 22. Akaniambia, "Mdogo wangu, hawajakuita kupigana, wamekuita uwe namba saba." Nikamwambia mbona Hassan Mwakinyo, bondia wetu wa Tanga, alipigiwa simu dakika za mwisho 2018, akaenda Birmingham akamkalisha Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili? Akasema sawa, Mwakinyo alikuwa na miaka 23 na mapambano ya kulipwa zaidi ya kumi mgongoni, we una mawili ya ridhaa, na huyo dogo amechaguliwa wewe baada ya mtu kukaa chini na kuhakikisha huwezi kumpiga. Mke wangu alikuwa kimya siku nzima, usiku ndo akauliza swali moja, ukilazwa kule atakuja nani kukuuguza? Nikapiga simu nikakataa.

Promota hakuhangaika, alimpigia mwenzetu wa jimu, yeye ana 33, alianza mwaka mmoja baada yangu. Akakubali. Simlaumu hata kidogo, ana watoto watatu na bodaboda ya mkopo. Alijikausha kwa kukimbia na koti la mvua juani, siku mbili za mwisho hakunywa maji, akaenda akapigwa KO raundi ya pili. Nilimpokea stendi, jicho la kushoto limefunga kabisa, kwenye bahasha kuna laki moja na elfu themanini, nyingine wamesema ni gharama. Lakini sio hela iliyonitisha. Kwa wiki kama tatu alikuwa anasahau, anatoka na pikipiki halafu anasimama Igoma hajui abiria amesema wapi, anarudia stori ileile mara mbili, mwanga wa jua unamuumiza. Tulimlazimisha kwenda hospitali, na nashukuru Mungu alitulia, ila hajarudi ulingoni na mimi sitamwambia arudi. Ngumi sio kitu cha kuchezea. Ubingwa wa dunia ulikuwa raundi 15, zikapunguzwa kuwa 12 baada ya Mkorea Duk Koo Kim kufariki 1982 kwa pambano lake na Ray Mancini, lilisimamishwa raundi ya 14. Yule alikuwa bondia wa kiwango cha dunia, amejiandaa, sembuse sisi wa kuitwa siku tisa.

Kwa hiyo ukiniuliza wewe wa 29 au 33, sikuambii usiende kulipwa. Nakuambia muulize anayekupigia simu: mpinzani ni nani, rekodi yake ikoje, uzito gani, nani anasimamia kona yangu, daktari yupo, na hela naipata kabla au baada. Akikasirika kwa maswali hayo umeshapata jibu. Na kabla ya yeye jiulize mwenyewe utapata wapi wa kukuchapa kwenye sparingi mara tatu kwa wiki, maana begi halikurudishii ngumi.

Mimi kilichonipata ambacho sikukitegemea ni kona. Mwalimu umri umeenda, magoti yanamsumbua, mwaka jana akaanza kuniambia shika pedi, simama na dogo. Yule yule dogo wa ini, sasa ana 21. Kazi ya kona inaonekana ndogo ukiwa umekaa kwenye kiti, ila una sekunde 60 na zinaisha wewe bado unatafuta taulo. Unaweka kigoda kabla hajageuka, unatoa kinga ya meno, unamwacha avute pumzi mbili bila kumsemesha, maji kidogo ateme, vazelini kwenye nyusi, barafu shingoni. Barafu tunachukua Mwaloni, ile ile inayowekwa kwenye matenga ya sangara, naipiga na nyundo asubuhi naifunga kwenye taulo ndani ya ndoo ya rangi, ulingo mzima unanuka samaki na hakuna anayelalamika. Halafu unamwambia kitu kimoja. Kimoja tu, akili yake haibebi viwili.

Mwezi uliopita alikuwa anazidiwa, raundi ya pili imeisha, anarudi macho yamemtoka, na nikaona kitu ambacho nakijua kwa mwili wangu: mpinzani wake kila akipiga mkono wa kulia anainua kiwiko, ini liko wazi. Nikamwambia, "Kulia kwake kukipita, shuka, kushoto kwako mwilini." Akatikisa kichwa, nikamrudishia kinga ya meno. Haikufika hata dakika. Yule kijana alipiga hatua moja mbele kama mimi kwenye kapeti, halafu miguu ikakata, na mimi nilikuwa najua kabla ya refa kwamba hawezi kuinuka kabla ya kumi.

Nimeshaulizia kozi ya ukocha, nikipata nauli na ada nakwenda. Na ya uamuzi pia nitaenda, hata kama itachukua miaka mitano, huko hakuna anayeniambia umechelewa. Ila mapambano yangu mawili yaliyobaki nayataka bado, sijayatupa. Moja limeshapangwa, wiki nne kutoka leo, kilo 71, kijana wa Shinyanga ana miaka 24, zaidi ya hapo sijaambiwa kitu. Asubuhi nimepima, 73. Usiku wa leo mwezi unaelekea kujaa, mitumbwi karibu yote imevutwa nchi kavu, kwa hiyo nina siku kama nane za tizi asubuhi na jioni kabla mzigo haujaanza kushuka tena. Saa kumi na moja alfajiri dogo ananipitia, tunakimbia mpaka Capri Point na kurudi.